Raspberry Pi Zero inavyoweza kujifanya kibodi ya USB

Ukichomeka kibodi kwenye kompyuta, huulizwi nenosiri wala huweki programu. Kompyuta inauliza swali moja tu: wewe ni kifaa gani? Kikijibu "mimi ni kibodi", basi, kinaruhusiwa kuandika. Hapo ndipo kikompyuta kidogo kama Raspberry Pi Zero, kilichotoka 2015 kwa dola 5, kinapopata nafasi ya kujifanya kibodi.

Sio kila Raspberry Pi inaweza. Zero, Zero W na Zero 2 W zinaweza, na Pi 4 pia kupitia tundu lake la USB-C. Pi 3 B haiwezi, matundu yake ya USB yametengenezwa kupokea vifaa tu, siyo kuwa kifaa. Kwenye Zero kuna matundu mawili yanayofanana: chomeka kwenye lile lililoandikwa USB. Lile la PWR IN linaingiza umeme tu, na utakaa hapo saa nzima ukishangaa. Kebo nayo iwe ya data, maana zile za kuchaji pekee zimejaa mitaani.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye memori kadi fungua faili config.txt, chini ya [all] ongeza mstari dtoverlay=dwc2. Ikishawaka, andika sudo modprobe libcomposite. Utaona folda /sys/kernel/config/usb_gadget. Ndani yake unatengeneza folda ya kifaa chako na kukipa utambulisho. Mifano mingi hutumia namba 0x1d6b ya Linux Foundation pamoja na 0x0104. Kisha unaunda functions/hid.usb0, unaweka protocol 1, subclass 1, report_length 8, na report_desc, ambayo ni baiti zinazoieleza kompyuta namna ya kusoma vitufe (hizi nakili tu, usijitese kuziandika kwa kichwa). Unaiunganisha na folda ya configs/c.1, halafu unaandika jina linalotokea kwenye /sys/class/udc ndani ya faili UDC. Ikikubali, utapata /dev/hidg0.

Kuanzia hapo, kubonyeza kitufe ni kutuma baiti 8 kwenye hiyo /dev/hidg0. Baiti ya kwanza ni ya Shift, Ctrl na wenzao, ya pili huachwa sifuri, sita zilizobaki ni vitufe. Herufi "a" ni 00 00 04 00 00 00 00 00. Ukitaka "A", ya kwanza iwe 02. Ukishatuma, tuma sifuri nane, la sivyo kompyuta itadhani bado umekandamiza na itaandika aaaaaaa mpaka uchomoe.

Kumbuka pia kwamba 04 ni nafasi ya kitufe, siyo herufi. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kifaransa, kama zile nyingi za Kongo, itaandika "q". Na mipangilio ya ndani ya usb_gadget hufutika ukizima, kwa hiyo iweke kwenye skripti inayojiendesha kila Pi inapowaka.

Faida zipo. Mradi wa PiKVM unatumia njia hii kuendesha kompyuta ukiwa mbali hata kama Windows imegoma kuwaka, kwa sababu kibodi inafanya kazi kabla ya Windows. Mtu asiyeweza kutumia vidole vizuri anaweza kutengenezewa vitufe vikubwa anavyovimudu. Hata simu ya Android yenye OTG huipokea.

Ila wezi nao wanajua. Agosti 2014, Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwenye mkutano wa Black Hat, Las Vegas, kwamba hata flashi ya kawaida inaweza kubadilishwa ijifanye kibodi na kuandika amri. Antivirusi hukagua mafaili. Vitufe vinavyobonyezwa inaviona ni vya mwenye kompyuta. Kwa hiyo flashi uliyookota usiichomeke, na ukiinuka kwenye kiti funga skrini: kibodi bandia itaishia kuandika kwenye kisanduku cha nenosiri.