Kuonya, Kuepusha na Kuzuia: Historia Fupi ya Istilahi za Mgongano Angani

Bandari ya Kipili, katika Ziwa Tanganyika mkoani Rukwa, haina sifa yo yote katika mambo ya urubani. Hata hivyo twaanzia huko. Kwa miaka mingi meli ya Liemba, iliyoanza safari kwa jina hilo mwaka 1927, ilipokaribia Kipili ilipiga honi, na mashua zikajua pa kupisha. Honi haikuitwa kizuizi. Honi huonya, aepaye ni nahodha.

Tofauti hiyo, iliyo wazi majini, yaelekea kupotea katika tafsiri za mambo ya angani. Mwaka 2004 kilizuka Uswisi chombo cha elektroniki kiitwacho FLARM, kilichobuniwa kwa ajili ya ndege zisizo na injini, ambazo mchezo wake umepata kuchezwa hata Mweiga, karibu na Nyeri, nchini Kenya. Ndege hizo hutegemea hewa ya joto ipandayo, na katika mashindano hukusanyika nyingi ndani ya hewa hiyo hiyo, zikizunguka kama tai. Chombo hupata mahali kilipo kwa setilaiti, hukadiria njia ya ndege kwa muda mfupi ujao, hutangaza makadirio hayo kwa redio na kupokea ya wenzake. Njia zikielekea kukutana, hulia. Usukani hakiugusi. Tena ndege isiyo na chombo kinachopatana nacho, hakiioni kabisa.

Mfasiri mwenye haraka ataandika "kizuia-mgongano". Sisi twalikataa neno hilo. Kizimamoto huzima moto, na kinasasauti hunasa sauti. Msomaji aliyezoea muundo huu ataamini kwamba kizuia-mgongano huzuia mgongano, naye rubani mwanafunzi ataacha kutazama nje. Twapendekeza "kionya-mgongano".

Kwa ndege kubwa za abiria hali ni nyingine. Baada ya ndege mbili kugongana juu ya Grand Canyon, Marekani, tarehe 30 Juni 1956, na watu 128 kufa, utafiti wa miaka mingi ulizaa mtambo wa TCAS. Mtambo huo, katika aina yake ya pili, hauishii kuonya: humwamuru rubani apande au ashuke. Huo ndio ustahilio jina la "kiepusha-mgongano".

Je, huku ni kubishania maneno tu? La hasha. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, mtambo ulimwambia rubani wa Tupolev apande. Mwongozaji wa ndege alikuwa amemwambia ashuke. Alimtii mwongozaji. Ndege ya mizigo iliyokuwa mbele yake, kwa kuutii mtambo wake, nayo ikashuka. Watu 71 walikufa. Baadaye kanuni za kimataifa ziliwekwa wazi: amri ya mtambo hutangulia. Kitabu cha mafunzo kinachoita onyo na amri kwa neno moja hakiwezi kuifundisha kanuni hiyo.

Limebaki jambo moja la mashindano. FLARM huweza pia kumfichulia rubani mwenzake yuko wapi na apanda kwa kasi gani, hata wavivu wakamfuata aliyeigundua hewa nzuri. Kwa hiyo ilitengenezwa hali inayoficha habari hizo na kuacha maonyo yafanye kazi. "Hali ya kujificha" haifai, maana ndege haijifichi hatarini. Kwa sasa twatumia "hali ya usiri", na twapokea mapendekezo ya wasomaji.