Wavuvi Waliofunga Bahari Yao

Juzi nilivaa miwani na mrija wa kupumulia, nikaingia baharini Kuruwitu, Kilifi. Nilikunywa chumvi vibaya, lakini samaki niliowaona, wacha tu. Sasa skiza hiyo bahari ilitoka wapi.

Kenya ilianza mapema. Mwaka 1968 mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa, na agizo lilitoka juu: hakuna kuvua hapa.

Kuruwitu ni story ingine. Joto la 1998, mwaka wa El Niño, lilipausha matumbawe pwani yetu, na uvuvi wa kupita kiasi ukamalizia. Mwaka 2005 wavuvi wenyewe wakatenga karibu hekta 30, wakasema hapa hatutupi nyavu tena. Imagine una njaa halafu unajifungia jikoni! Polepole samaki wakarudi, wengine wakavuka mpaka hadi kwa nyavu za nje. Mwaka 2017 kikundi chao kikapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Mimi niliacha chuo, naambiwa sina subira. Subira nimeiona pale, chini ya maji.

Ukienda, lipa kiingilio bila kulia, na usikanyage matumbawe. Kuna mtu aliacha riziki yake ndio upige hiyo picha.