Kima cha Herufi: Kwa Nini TB Haionekani

Tuseme kuna mama wa Lindi, kijiji kimojawapo cha Kibera, ambaye kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba akijulia hali wagonjwa. Zamani aliandika kwenye daftari la mistari. Siku hizi kijana wa mtaani amemtengenezea programu ndogo ya simu, na kila jioni anaingiza humo aliyoyaona mchana. Leo anataka orodha ya wagonjwa wake wa kifua kikuu. Anaandika herufi mbili ambazo Nairobi nzima inazijua, TB, anabonyeza. Jibu: hakuna.

"Kijana wangu, hii kitu imekula kazi yangu?"

"Zimo zote, mama. Ila haizioni."

Zimo, ila haizioni. Mwizi hakuingia, wala programu haijaharibika. Kuna nambari moja ndani ya mipangilio ya hifadhidata iliyoamua kwamba neno la herufi mbili halistahili kutafutwa. Nambari hiyo haina jina lililozoeleka kwa Kiswahili, na jambo lisilo na jina ni gumu kulilalamikia. Basi tulitafutie jina, lakini kwanza tuone linafanya nini.

Hifadhidata, au kanzidata kama wengine wanavyoiita, haisomi maandishi yote upya kila unapouliza swali. Ingefanya hivyo, maelezo yakiwa mengi mno ungechoka kusubiri. Badala yake hujiandalia orodha mapema: kila neno na mahali lilipotajwa, mithili ya zile kurasa za mwisho za kitabu zinazokuambia kwamba "muhogo" umo ukurasa wa 14 na wa 92. Orodha hiyo ndiyo faharasa. Ikichukua maneno yote ya andiko, si kichwa chake tu, tunaiita faharasa ya matini kamili. Wako wanaopendelea fahirisi; mimi naiachia fahirisi wanauchumi na bei zao, kwa kuwa msomaji wa kawaida amekutana na faharasa nyuma ya vitabu vya shule.

Sasa, faharasa haipokei kila neno. Mlangoni pana bawabu, na swali lake la kwanza ni: una herufi ngapi? Katika MySQL, hifadhidata inayotumika katika tovuti nyingi mno duniani, bawabu huyo ana sura mbili. Majedwali ya aina ya zamani, MyISAM, yanaongozwa na mpangilio uitwao ft_min_word_len, na kiwandani umewekwa 4. Majedwali ya InnoDB, yaliyopata faharasa ya namna hii katika toleo la 5.6 la mwaka 2013, yana innodb_ft_min_token_size, nao umewekwa 3. Upande wa juu, kote kuwili, ni herufi 84. Huo wa juu hautusumbui. Hata "wanaotutayarishia", neno ambalo ni kishazi kizima, lina herufi 17 tu.

Nambari 4 na 3 hazikuokotwa barabarani. Kiingereza kimejaa vijineno kama "of", "to", "is" na "at", vinavyojirudia kila mstari na kubeba maana kidogo. Kuviacha nje kunapunguza ukubwa wa faharasa na hakuna anayevikosa. Kwa lugha hiyo, ufupi na wepesi vinatembea pamoja.

Leta kipimo hicho Kibera uone. Kwa kima cha 4, yaani kila neno lenye herufi pungufu ya nne likiachwa nje, soko la Toi, linalojulikana Nairobi yote kwa mitumba, halimo kwenye faharasa. Bei haimo. Uji haumo, mto haumo, ada haimo, mke hayumo. Bima ya afya ya zamani, NHIF, ilikuwa na herufi nne na ilipita bila kuulizwa. SHA iliyoshika nafasi yake Oktoba 2024 ina tatu, ikakwama mlangoni. Shusha kima hadi 3, hao wote wanaingia, lakini TB bado yuko nje. ID, ambayo bila hiyo hupati huduma yoyote ofisini, iko nje. Kule Kawangware kuna stendi inayoitwa 46, jina iliyolirithi kwa matatu za njia nambari 46. Watu wanaishi 46, wanauza mboga 46, wanaelekezana kwa 46. Kwa hifadhidata, hilo ni "neno" la herufi mbili, maana tarakimu nazo huhesabiwa kama herufi, na kwa hiyo 46 haipo duniani.

Wakati huohuo, kwa kima hichohicho cha 3, "kwa", "cha" na "vya" wanapita kifua mbele. Hawa ndio vijineno vyetu vyepesi! Ufupi wa neno la Kiswahili hauna habari na uzito wake.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza kuichora Kibera wenyewe chini ya mradi wa Map Kibera, wakitumia OpenStreetMap, kwa sababu kwenye ramani za wakati huo mahali pao palikuwa pamebaki patupu. Waliingiza vyoo, vilula vya maji, shule, zahanati. Kazi ile ilionyesha kwamba kuishi mahali na kuonekana mahali ni vitu viwili. Faharasa inaongeza cha tatu: jina laweza kuandikwa, likahifadhiwa, na bado lisipatikane.

Turudi kwenye jina. Tafsiri ya harakaharaka ni "urefu wa chini wa neno". Inaeleweka kwa shida, kana kwamba neno lina sehemu ya juu na ya chini kama kitanda cha ghorofa. Pia "neno" lenyewe linapotosha. Kwa mwanasarufi 46 si neno; kwa mashine ni neno. Kinachohesabiwa ni kipande chochote cha herufi na tarakimu kilichotengwa na nafasi au alama, ambacho wataalamu wanakiita tokeni.

Mimi napendekeza kima cha herufi: kima cha chini cha herufi na kima cha juu cha herufi. Si kima yule wa msituni, ingawa Kibra, jina lililozaa Kibera, kwa Kinubi ni msitu, wala si kima ya sambusa. Ni kile tunachokisikia kila Sikukuu ya Leba, wafanyakazi wakisubiri kuambiwa kima cha chini cha mshahara. Kila Mkenya na kila Mtanzania anakijua, kwa hiyo istilahi inaingia bila kufundishwa. Tofauti moja tu iwekwe wazi: kima cha mshahara humlinda mdogo, kima cha herufi humfukuza.

Kukibadilisha kuna hatua tatu, na wengi huishia kwenye ya kwanza. Fungua faili ya mipangilio ya seva, my.cnf, uandike innodb_ft_min_token_size=2; kwa MyISAM, ft_min_word_len=2. Pili, izime seva na kuiwasha upya, kwa kuwa mipangilio hii husomwa wakati wa kuamka tu. Tatu, ijenge upya faharasa. Hapa ndipo watu wanapoapa kwamba wamerogwa: wamebadilisha nambari, TB bado haonekani. Faharasa ya zamani iliandikwa kwa sheria ya zamani, nayo haijirekebishi. Kwa InnoDB unaifuta kwa DROP INDEX na kuiunda tena. Kwa MyISAM amri ya REPAIR TABLE yenye QUICK inatosha.

Ukishashusha kima hadi 2, bawabu wa pili anajitokeza: orodha ya maneno ya kurukwa, hata yawe na herufi ngapi. Orodha ya InnoDB ina maneno 36, karibu yote ya Kiingereza, pamoja na machache ya kwingineko Ulaya. Matokeo yake yanachekesha. "Wa", "ya", "na" na "za" wanaingia kwa kishindo na kuijaza faharasa, lakini "la" anazuiwa, kwa kuwa Kihispania na Kifaransa nao wana "la" yao. Orodha ya MyISAM ina maneno zaidi ya 500, na mojawapo ni "same" la Kiingereza. Mji wa Same, Kilimanjaro, umezama humo. MyISAM ina mkasa mwingine pia: katika utafutaji wa kawaida, neno lililomo kwenye nusu ya safu mlalo za jedwali au zaidi hupuuzwa. Mama yetu, ambaye karibu kila ziara yake ni Lindi, akitafuta "Lindi" ataambiwa hakuna.

Dawa ni kuandika orodha yetu wenyewe ya maneno ya kurukwa na kuielekeza seva kwayo kwa innodb_ft_server_stopword_table. Wawekwe wa, ya, za, la, cha, vya, kwa, na. Lakini "si" na "hana" ningewaacha nje ya orodha. "Ana dawa" na "hana dawa" kwa mhudumu wa afya si jambo moja.

Msomaji makini atauliza: je, na "amelipa"? Lina herufi saba, kima hakiligusi, lakini ukitafuta "lipa" hulipati. Nyota ya mwisho, lip*, italeta "lipa" na "lipia", haitaleta "amelipa" wala "hawajalipa", maana Kiswahili hubadilisha neno kwa mbele. Kuna njia ya kukata maneno vipande vya herufi mbilimbili, iitwayo ngram, iliyotengenezwa kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea, na yenyewe haijali kima. "Amelipa" inakuwa am, me, el, li, ip, pa. Vizuri, ila ngram hutupa kila kipande chenye neno la kurukwa ndani yake, na orodha ya Kiingereza ina "a" na "i". Hesabu mwenyewe: vinabaki me na el. "Lindi" inabaki nd. Anayetaka kuitumia kwa Kiswahili azime kwanza orodha hiyo, innodb_ft_enable_stopword=OFF, ndipo ajenge faharasa.

Kijana atajuaje basi aweke kima gani? Jibu haliko kwenye kitabu cha MySQL. Liko kwenye daftari la mistari, lile la zamani. Aketi na mama, walifungue, wapigie mstari kila neno fupi ambalo mama amewahi kulihitaji: mto, Toi, SHA, ID, 46, TB. Fupi kuliko yote lina herufi mbili. Kima ni 2.