Barua ni nusu ya kuonana: Salamu za askari wa Burma kwa rafiki yake wa Molo

Majuzi, baada ya kongamano mjini Nakuru, mwalimu mmoja wa Kiswahili alinifuata hadi mlangoni akiwa na swali lililokuwa likimkera. "Prof," aliniambia, "kwa nini bado tunawafundisha wanafunzi barua ya kirafiki? Watoto hawa hawajawahi kununua stempu. Ukiwaambia waandike, wananakili salamu zile zile za tangu zamani: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Maneno matupu!"

Nilimjibu juujuu tu, maana alikuwa na haraka ya kupanda matatu. Leo nataka kumjibu vizuri zaidi, na jibu langu linaanzia Molo.

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Methali hii tumeikariri sana hadi hatuulizi tena maana yake. Je, ni nusu gani inayosafiri ndani ya bahasha? Na ni ipi inayobaki?

Nililelewa karibu na Molo, kwenye ardhi iliyokuwa ya masetla kabla ya Uhuru. Jirani yetu alikuwa mzee Mkikuyu aliyekuwa amechunga ng'ombe na kuchuma pareto katika shamba la setla mmoja tangu ujana wake. Hakujua kusoma. Mwaka 1972, nikiwa darasa la sita, alianza kuniita Jumapili alasiri nimsomee barua zake. Zilikuwa sita, zimefungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku la bati. Aliyezituma alikuwa Mkipsigis, rafiki yake wa utotoni. Wote wawili walikuwa watoto wa maskwota na walichunga pamoja katika shamba lile lile. Kisha yule rafiki akaingia Keya, na Keya ikampeleka Burma.

Kwa wasomaji vijana, Keya ni matamshi yetu ya herufi K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza katika Afrika Mashariki. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, zaidi ya Waafrika 300,000 wa eneo hili walihudumu jeshini, wengine kama wapiganaji, wengine kama madereva, wapishi, wauguzi na wachukuzi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, na katikati ya 1944 ikaingia Burma. Iliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw msimu wa mvua kubwa, kwenye matope na malaria, na kufikia Desemba ilikuwa Kalewa, kando ya mto Chindwin. Waruhiu Itote, ambaye baadaye tulimjua kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa miongoni mwa waliopigana huko, na mwaka 1967 alichapisha kitabu kinachoeleza, pamoja na mengine, aliyoyaona.

Itote aliandika kitabu. Rafiki ya mzee wetu aliandika barua sita.

Barua zenyewe zilikuwa za Kiswahili, na hapa ndipo mtu wa lugha anapopaswa kusimama kidogo. Hakikuwa Kiswahili ambacho ningeweza kukitetea mbele ya mtahini. "Mimi iko mzima," iliandikwa moja. "Mimi nakwisha pata barua yako." Hicho kilikuwa Kikeya, Kiswahili cha kambini, ambacho ngeli zake zilikuwa zimepumzishwa na amri zake kunolewa. Tangu 1930 Kamati ya Lugha ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na wanakamati hawangekubali sentensi kama hizo. Lakini jeshi halikuingojea kamati. Lilikuwa na Wakamba, Wanandi, Waluo, Wanyasa na Waganda katika kombania moja, na ilibidi waelewane kabla ya risasi ya kwanza. Wengi walijifunza kusoma na kuandika huko huko jeshini, kwa walimu wa Kikosi cha Elimu cha Jeshi la Afrika Mashariki. Walikuwa pia na magazeti yao, kama vile Askari, na huku nyumbani kulikuwa na Baraza, lililoanza kuchapishwa mwaka 1939.

Kwa hivyo mtu anaweza kusema askari wetu aliandika Kiswahili kwa sababu ndicho alichofundishwa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Ningeulizwa mimi, ningesema sababu kubwa zaidi ilikuwa ya kirafiki. Kama angemwandikia mama yake, angetafuta mtu wa kuandika Kikipsigis. Lakini kwa rafiki yake Mkikuyu hakuwa na lugha nyingine. Tangu walipokuwa wakichunga walizungumza Kisetla, kile Kiswahili cha mashambani ambacho Mzungu alikitumia kutoa amri na ambacho watoto wa maskwota walikigeuza kuwa lugha ya mchezo. Ikawa basi urafiki wao ulijengwa kwa Kisetla na ukatunzwa kwa Kikeya, lahaja mbili ambazo sisi wasomi tumezicheka kwa miaka mingi. Jameni, tulicheka nini?

Hebu sasa tuifuate barua moja kutoka Burma. Askari aliyekuwa hajaimudu kalamu vizuri alimsimulia mwenzake, naye akaandika. Barua ikapitia kwa mkaguzi wa jeshi, ambaye kazi yake ilikuwa kufuta jina la mahali, idadi ya askari, na lolote ambalo lingemsaidia adui au kuwatia watu wa nyumbani wasiwasi. Ikavuka bahari, ikapanda gari la moshi hadi stesheni ya Molo. Skwota hakuwa na sanduku la posta, kwa hivyo barua ikaandikwa anwani ya setla, naye setla akaichukua pamoja na magazeti yake. Mwisho ikafika kwa karani wa shamba, aliyeisoma kwa sauti mbele ya yeyote aliyekuwepo. Barua ya rafiki kwa rafiki ilikuwa imepita kwa watu wanne kabla ya kumfikia mwenyewe.

Je, wewe ungeandika nini ukijua hayo?

Katika barua ya tatu palikuwa na mstari ambao sijausahau. "Hapa mvua iko kama ya Molo lakini na joto. Sisi iko karibu na," kisha wino mweusi mzito hadi mwisho wa mstari. Kila Jumapili tulipofika hapo mzee alinisimamisha. "Jaribu tena, kijana. Inua kwenye jua." Nikainua karatasi kwenye jua. Sikuona kitu. Rafiki yake aliporudi mwaka 1946, mzee alimuuliza palikuwa pameandikwa nini. Akacheka, akasema pengine ni jina la mto, lakini amesahau. Mzee hakuamini kamwe kwamba mtu anaweza kusahau kitu kama hicho. Ndiyo maana miaka 26 baadaye alikuwa bado akimtuma mtoto wa shule autafute mto chini ya wino.

Sasa turudi kwa mwalimu wangu na maneno yake matupu. Salamu ndiyo sehemu pekee ambayo mkaguzi hakuwa na sababu ya kuigusa. Askari hakuruhusiwa kusema yuko wapi, anapigana na nani, wala nani kafa. Aliruhusiwa kusema ni mzima. Na kwa aliyebaki nyumbani hilo ndilo lililokuwa la muhimu kuliko yote: siku barua hii ilipoandikwa, rafiki yangu alikuwa na pumzi. Nusu ya pili ya salamu ilimgeukia aliyebaki: hofu ni kwako. Hebu fikiria mtu aliye chini ya mizinga akisema kwamba hofu yake si juu ya nafsi yake bali ni juu ya mchunga ng'ombe wa Molo! Mwanafunzi anayenakili maneno hayo leo ananakili adabu iliyokomazwa na watu waliokuwa na kila sababu ya kujihofia wenyewe.

Baada ya salamu zilifuata habari za kawaida mno. Ng'ombe fulani amezaa? Fulani ameoa? Viazi vimeiva? Katika barua ya tano aliuliza kama bado wanachuma pareto. Hakujua, na sidhani mzee naye alijua, kwamba swali hilo lilihusu vita vyenyewe. Kabla ya vita Japani ndiyo iliyoongoza kwa kuuza pareto duniani. Vita vilipozuka, Kenya ikawa tegemeo la nchi za Muungano, na maua ya nyanda za juu kama Molo yakatengenezewa dawa ya kuua mbu na chawa waliowasumbua askari. Inawezekana kabisa kwamba mmoja alikuwa akichuma kilichomlinda mwenzake dhidi ya malaria, na wote wawili hawakujua. Barua ni nusu ya kuonana, naam, lakini mengine yaliyowaunganisha hayakupitia posta hata kidogo.

Wapo waliongoja barua zisizokuja. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa kwa makombora ya nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Nyumba ngapi huku kwetu zilikaa zikitega sikio kwa karani, zikingoja neno moja tu, "mzima"?

Barua sita za mzee ziliteketea mwaka 1992. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa Molo ya mwaka huo. Vita vya kikabila vilipofika kwetu, nyumba ya mzee ilichomwa, na sanduku la bati likachomekea ndani. Nilisafiri kwenda kumwona katika uwanja wa kanisa ambako watu walikuwa wamekimbilia. Rafiki yake alikuwa amefariki miaka michache kabla. Nilidhani mzee angelia ng'ombe au mabati. Badala yake aliniuliza, "Zile barua, wewe si ulizisoma sana? Unazikumbuka?"

Nilijaribu. Nikagundua kwa aibu kwamba nakumbuka salamu, mvua ya Molo, na ule mstari wa wino. Nikamtolea salamu: mimi iko mzima, hofu iko kwako. Akatikisa kichwa polepole, akanyamaza.

Nimeufikiria sana ukimya ule. Watu walikuwa wakiambiana kwamba Mkikuyu na Mkipsigis hawajawahi kuishi pamoja ila kwa uadui. Mzee alikuwa na ushahidi kinyume, ushahidi wa maandishi, wenye tarehe na mhuri wa jeshi. Nao ulikuwa majivu. Wanahistoria wa jeshi lile wanategemea sana taarifa za wakaguzi, yaani wale waliosoma barua ili kuzifuta. Ni jambo la kusikitisha kwamba aliyepaka wino ndiye aliyehifadhi kumbukumbu, na aliyepokea salamu hakubakiwa na kitu.

Usidhani hayo ni ya zamani tu. Tangu Oktoba 2011 vijana wetu wamekuwa Somalia, na Molo imetoa wake. Namjua mmoja ambaye marafiki zake ni vijana wa bodaboda. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Niko poa. Nyinyi je?" Sikiliza vizuri: ni ile ile, mimi mzima, hofu ni kwenu, imevuliwa koti tu. Tarehe 15 Januari 2016, kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde iliposhambuliwa, wenzake wale hawakubeba abiria asubuhi nzima. Walikuwa wakitazama simu. Hawakujua yuko kambi gani, kwa maana hajawahi kuwaambia. Siku ya tatu simu ikalia: "Niko sawa." Maneno mawili tu! Niliomba kuuona ujumbe huo mwaka jana. Mwenye simu akaniambia iliingia maji na kila kitu kikapotea.

Kwa hivyo, mwalimu wangu, endelea kufundisha barua ya kirafiki, ila ifundishe kama historia. Waulize wanafunzi ni nani ukoo wao aliyewahi kwenda mbali, vitani au kazini, na aliwaandikia nini waliobaki. Waambie waombe kuonyeshwa sanduku la babu kabla ya paa kuvuja, na waziandike kwenye daftari jumbe za simu kabla simu hazijaharibika. Zikipatikana barua, zipigwe picha, na wenye hiari wazipeleke kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi. Wala msizisahihishe ngeli. "Mimi iko mzima" iachwe kama ilivyo.

Kuhusu methali, nadhani nimeielewa nikiwa nimechelewa. Nusu inayosafiri ni ile salamu. Nusu inayobaki ni yule anayeipokea, akaiweka, akaitunza, na siku moja akamwita mtoto amsomee tena. Sisi wa Molo tulipewa nusu ya kwanza. Ya pili ilikuwa juu yetu.