Bibury

Bibury ni kijiji cha kaunti ya Gloucestershire, kusini magharibi mwa Uingereza, kando ya mto Coln. Kiko katika eneo la vilima la Cotswolds, kilomita 11 hivi kutoka mji wa Cirencester. Sensa ya 2011 ilihesabu wakazi 627. Kinajulikana hasa kwa Arlington Row, safu ya nyumba ndogo za mawe inayopigwa picha mno na watalii.

Historia

Arlington Row haikuanza kama makazi. Ilijengwa mnamo 1380 kuwa ghala la sufu la watawa, wakati ambapo sufu ilikuwa bidhaa kuu ya biashara ya Uingereza. Katika karne ya 17 iligawanywa kuwa nyumba za wafumaji. Kitambaa walichofuma kilipelekwa kwenye kinu cha Arlington, kilichoendeshwa kwa maji ya mto, kipigwe mpaka nyuzi zishikane. Kisha kilianikwa kwenye vichanja katika Rack Isle, kiwanja chenye majimaji kilichopo mbele ya nyumba. Jina la kiwanja hicho limetokana na vichanja hivyo. Basi mahali ambapo mgeni wa leo anaona utulivu mtupu palikuwa mahali pa kazi nzito.

Kuta ni za mawe ya chokaa ya eneo hilohilo, yenye rangi ya asali. Hata mapaa ni ya vigae vya mawe, vikubwa chini na vidogo juu, nayo yana mteremko mkali ili maji ya mvua yasituame. Kanisa la Mt. Maria lina sehemu zilizobaki tangu enzi za Wasaksoni, kabla ya 1066. Wageni wengi hulipita bila kuliingia, nalo lastahili kutazamwa.

Msanii William Morris, aliyeishi karne ya 19, alikisifu Bibury kuwa kijiji kizuri kuliko vyote Uingereza. Arlington Row sasa ni mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi urithi wa nchi.

Utalii

Sifa hizo zina gharama, nayo inalipwa na wakazi. Barabara ni nyembamba, na watalii huijaza. Mwaka 2017 gari la manjano la mkazi mmoja mzee, ambalo lilikuwa limelalamikiwa kwamba linaharibu picha, lilivunjwa vioo na kukwaruzwa. Miezi michache baadaye wenye magari ya manjano kutoka sehemu mbalimbali walifika kijijini kwa msafara kumwunga mkono.

Nyumba za Arlington Row zinakaliwa na watu. Mgeni anaweza kupita kwenye njia iliyo mbele yake, ila si kuchungulia madirishani wala kuingia bustanini. Bibury haina kituo cha reli. Anayetoka London kwa treni hushuka Kemble, kisha humalizia safari kwa gari. Asubuhi na mapema, kabla ya watalii wengi kufika, ndio wakati mzuri wa kukitembelea.