Karanga za Kongwa na hudi zangu 80

Niliacha chuo mwaka wa pili. Kosi yangu? Usimamizi wa miradi. Cheka kwanza, ukimaliza turudi kwa story.

Karatasi ya kwanza nilipata A, na sikuiba. Ungeniamsha usiku uniulize wigo ni nini ningekujibu: ni mipaka ya kazi, kile mradi utafanya na kile hautagusa. Wadau ni watu wote ambao mradi unawagusa, si wenye pesa peke yao. Upembuzi yakinifu ni kuchunguza kama kitu kinawezekana kabla hujamwaga pesa. Noti zote zilikuwa kichwani. Halafu nikachukua karo ya semesta, elfu 56, nikaagiza hudi 80 za kuuzia wasee wa chuo.

Nitarudi kwa hizo hudi. Acha kwanza niwape story ya mradi mmoja hapa kwa jirani, Tanzania, ambao nilikutana nao nikiwa tayari nimefukuzwa darasani kwa kukosa karo.

Ni 1946. Uingereza imeshinda vita lakini jikoni kumekauka, mafuta ya kupikia bado yanatolewa kwa mgao. Frank Samuel, bosi wa United Africa Company, kampuni ya chini ya Unilever, anapeleka wazo serikalini: tulime karanga Tanganyika, kwa mashine, mashamba makubwa. Serikali inatuma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield. Wanazunguka wiki 9, na sehemu kubwa ya ardhi wanaiangalia kutoka juu, wakiwa kwa ndege. Huo ndio ukawa upembuzi yakinifu wao.

Sasa skia wigo. Zaidi ya ekari milioni 3. Hiyo ni karibu kaunti nzima ya Kilifi, ardhi ya karanga tu. Nyingi zingekuwa Tanganyika, zingine hapa Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Muda ni miaka 6, na bajeti ni kama pauni milioni 24. Kwa karatasi ni mradi safi, kila kitu kina namba yake. Mhadhiri wangu angeipenda.

Kazi ilianza Kongwa, nchi ya Wagogo, mwaka wa 1947. Shabaha ya mwaka huo wa kwanza ilikuwa kusafisha ekari 150,000. Mwaka ukaisha hawajafika hata 10,000.

Hapa ndipo niliielewa ile kitu tulikuwa tunachora darasani na rula: kazi zikifuatana, kuna mlolongo mmoja ambao ukichelewa popote, mradi wote unachelewa. Hesabu yake ilikuja kutengenezwa Marekani 1957, kwa hivyo hawa wazee hawakuwa nayo, lakini mlolongo wenyewe ulikuwepo. Huwezi kupanda kabla hujalima. Huwezi kulima kabla hujang'oa vichaka na mibuyu. Huwezi kung'oa bila trekta, na trekta zilikuwa zimebaki za jeshi, zingine zimetolewa mpaka Ufilipino, nyingi zikifika zikiwa mbovu. Zishuke bandari ya Dar es Salaam iliyojaa, zipande reli ya njia moja, ndiyo zifike bara. Kuna wakati walichukua vifaru vya vita aina ya Sherman wakavigeuza kuwa trekta. Hiyo sijatunga.

Na bado hatujafika kwa udongo. Karanga inakomaa chini ya ardhi, kila mtu aliyewahi kuing'oa kwa shamba la shosho anajua. Udongo wa Kongwa ni wa mfinyanzi, na jua likiuchoma unakuwa kama simenti. Kwa hivyo hata penye karanga zilishika, kuzitoa ilikuwa vita ingine. Mvua nayo ya Ugogo haina ahadi. Hii si siri ya maabara. Wagogo walikuwa wameishi na njaa za huko vizazi na vizazi, na wangeweza kukuambia bure. Kwenye mpango walihesabiwa kama vibarua. Mimi naona hilo ndilo kosa lenyewe, kuliko hata trekta, kwa sababu trekta mbovu unaweza kutengeneza.

Kuna neno lingine la darasani, majaribio. Unafanya kidogo kwanza, msimu mmoja, shamba moja, uone. Waliruka hapo makusudi. Mafuta yalitakikana haraka, na msimu wa kujaribu ulionekana ni kupoteza wakati. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafunga mpango, pauni kama milioni 36 zimeenda. Mbegu walizonunua zilikuwa nyingi kuliko karanga walizovuna.

Basi, hudi. Muuzaji alinionyesha picha kwa simu, nikatuma pesa yote siku hiyo hiyo kwa sababu ufunguzi wa semesta ulikuwa wiki mbili tu. Niliuza 49 kwa siku tatu, nikajiona mjanja. Wiki iliyofuata wasee wakaanza kuzirudisha. Ukifua mara moja, nyeusi inageuka zambarau na inachafua kila kitu kwa karai. Niliwarudishia pesa mpaka ikaisha, na wengine mpaka leo nawadai msamaha.

Nilienda nyumbani kumwambia mamangu. Yeye anauza mitumba, hajasoma mambo ya miradi. Nilimweleza soko, bei, tarehe, faida, mpaka nikamaliza. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na ulifua moja kwanza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na A, lakini jibu sikuwa nalo.

Ziko kwa gunia chini ya kitanda, na karo bado namlipa mama kidogo kidogo kwa M-Pesa. Wiki ijayo nawaletea bandari ya Mtwara na reli yake, ambazo zilijengwa kwa ajili ya hizo karanga. Reli iling'olewa, bandari iko mpaka leo. Na kama babu yako aliwahi kufanya kazi Kongwa, Urambo ama Nachingwea, tafadhali muulize alikuwa analipwa ngapi, halafu uniandikie.