Kazi ya Duka Uzaramoni

Kibuta ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, upande wa njia inayotoka mjini Kisarawe kuelekea Maneromango. Haina mtaa wa kale wa nyumba za mawe na milango ya nakshi kama Bagamoyo. Historia ya biashara ya mahali kama hapa imo ndani ya duka lenyewe: dirisha la nondo, mizani, kiberiti na sabuni za mche rafuni, dumu la mafuta ya kula na kipimo chake kinachoning'inia ubavuni, na daftari la madeni lililokunjamana kona. Julai 2025 Selemani Jafo, mbunge wa Kisarawe na wakati huo Waziri wa Viwanda na Biashara, alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo ya jumla na rejareja. Wengi waliipokea kwa shangwe, na shangwe hiyo inaeleweka. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja, karibu kila aliyetaka kulitetea duka la mwenyeji ameanza na swali la nani mwenye duka. Ukifuata historia ya Uzaramo, nchi ya Wazaramo ambamo Kibuta imo, utaona kwamba kilichoamua duka liishi au life ni jambo jingine: linamfanyia kazi gani mtu anayekaa jirani nalo.

Biashara hapa ilitangulia duka. Katikati ya karne ya 19 mali ya Uzaramo ilikuwa chini ya ardhi. Sandarusi, utomvu wa miti ya kale uliozikwa mchangani hadi ukawa mgumu, ilichimbwa kwa jembe katika mashimo mafupi, ikabebwa hadi pwani, ikapimwa kwa frasila na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Kutoka hapo ilivuka kwenda Unguja, kisha ikasafiri hadi Salem, Marekani, kupikiwa vanishi. Ile bora, ikishaoshwa, ilikuwa na vipele vidogo juu yake, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ile changa, chakazi, ilipata bei ya chini. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliyepita Uzaramo mwaka 1857 aliieleza biashara hii kwa kirefu, ingawa Wazaramo wenyewe aliwasema kwa dharau aliyowasemea karibu watu wote aliokutana nao safarini. Kilichorudi kutoka pwani kilikuwa hasa nguo, na merikani, kitambaa cha pamba cha Marekani, ndiyo iliyotafutwa zaidi. La kushika hapa ni moja: aliyenunua sandarusi ndiye aliyeuza nguo. Mkono uliochukua mazao ndio uliotoa bidhaa, na kwa hiyo mnunuzi alikuwa na sababu ya kutaka mchimbaji awe na kitu mfukoni.

Duka la ndani, mbali na bahari, lilikuja na mahitaji ya fedha. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa kufanya kazi. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita Pugu, ikafika Morogoro mwaka 1907, na biashara ikaifuata. Nyuma ya mwenye duka mdogo wa Kihindi kulikuwa na mnyororo mrefu wa mali kauli. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, aliwapa wadogo bidhaa kwa ahadi. Kijana aliyejifunza kazi kwake, Allidina Visram, alikuja kuwa na maduka hadi Uganda. Mwenye duka kijijini alichukua bila kulipa, akauza, akarudisha, akachukua tena. Naye aliwakopesha wanakijiji katika miezi ambayo ghala ni tupu na mahindi bado machanga, akiandika jina na kiasi. Alinunua nazi, mpunga na mtama kwa pishi, akauza chumvi na mafuta ya taa kwa vipimo vidogo ambavyo mfanyabiashara mkubwa wa mjini asingejisumbua navyo. Alivunja mzigo, alikopesha, alinunua mazao. Wakati mwingine kazi zote hizi alizifanya mtu mmoja aliyelala nyuma ya rafu zake mwenyewe.

Mtu atauliza: je, huyu si yule aliyepunja vibaba, akanunua mpunga kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno na kumuuzia mkulima yuleyule kwa bei ya juu wakati wa njaa? Ndiye, mara nyingi. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, ambamo Uzaramo ilishiriki na ambavyo jumbe Kibasila wa Kisangire alinyongwa kwa ajili yake, vilitokana hasa na kilimo cha lazima cha pamba, lakini mahali pengi waasi waliyavamia pia maduka ya Wahindi na Waarabu. Watu hawavamii wanachokipenda. Waswahili nao walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hawakuisema bure. Hata hivyo, tunapotaja unyonyaji inafaa tuseme umetoka wapi. Mkulima mwenye mnunuzi mmoja tu, barabara moja isiyopitika masika na kodi yenye tarehe yake atapunjwa na yeyote atakayekaa nyuma ya ile mizani, awe wa dini gani, awe wa rangi gani. Dhuluma ilijificha katika upweke wa duka, na dawa yake ilikuwa duka la pili na la tatu. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa nyingine.

Waingereza, waliotawala baada ya Wajerumani, walichezea leseni, kodi na vitabu vya hesabu. Mwaka 1923 wafanyabiashara wa Kihindi Tanganyika nzima walifunga maduka kwa wiki kadhaa, wakipinga pamoja na mengine sharti la kutoandika hesabu kwa Kigujarati. Serikali hiyohiyo ilikuwa na sheria ya kuzuia Waafrika kukopeshwa, kwa jina la kuwalinda. Matokeo yake yalikuwa mabaya kwa Mwafrika aliyetaka kufungua duka, kwa sababu bila mali kauli hakuna rafu inayojaa. Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam aliyetokea Uganda na baadaye mwanzilishi wa gazeti la Kwetu, aliunda chama cha wafanyabiashara Waafrika mwaka 1934. Waafrika kama yeye walijua kuuza na kuhesabu. Walichonyimwa ni kuaminiwa na wauzaji wa jumla. Mlango huo ulibaki umefungwa, na Uhuru ulipofika serikali mpya, badala ya kuufungua, ilijenga nyumba nyingine pembeni.

Mwaka 1962 kikaundwa COSATA, chombo cha ushirika cha kusambaza bidhaa, kikidhamiria kuvunja ukiritimba wa Wahindi katika biashara ya maduka. Hakikudumu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 makampuni makubwa ya kuagiza bidhaa yakataifishwa na kuwekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, STC, ambalo katika miaka ya 1970 liligawanywa kuwa makampuni ya biashara ya mikoa, RTC. Kisha, mwaka 1976, ikaja Operesheni Maduka. Rashidi Kawawa alikuwa Waziri Mkuu. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa, mahali pake pachukuliwe na maduka ya kijiji na ya ushirika. Ilikuja juu ya Operesheni Vijiji, wakati mamilioni ya watu walikuwa ndiyo kwanza wamehamishiwa vijiji vipya, na mwaka uleule serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika vya wakulima. Fikiria kijiji cha Pwani wakati huo: nyumba mpya, mashamba ya mbali, chama kilichonunua mazao hakipo, na mwenye duka aliyekopesha ameambiwa afunge.

Duka la kijiji lilikuwa na nia njema, na katika baadhi ya vijiji lilisimama. Udhaifu wake ulikuwa katika kazi. Lilipokea bidhaa kwa mgao kutoka RTC, kwa hiyo liliuza kilicholetwa, si kilichotakiwa. Halikuweza kukopesha kwa wepesi, kwani fedha zilikuwa za wote, na mtunza duka aliyemwandikia jirani yake kilo moja ya sukari alikuwa anakopesha mali ya umma kwa undugu. Halikununua mazao, hiyo ilikuwa kazi ya mashirika mengine. Wala halikuwa na mtu wa kugongewa dirisha saa tatu usiku mtoto akiwa na homa na taa haina mafuta. Bidhaa zilipopungua ilibidi kasi ya operesheni ipunguzwe. Wapo wanaosema lililoua maduka yale ni bei ya mafuta duniani, ukame na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kwamba duka la mtu binafsi nalo lingekauka. Sehemu kubwa ya hoja hii ni kweli: hakuna duka linalouza sabuni ambayo nchi haina fedha za kigeni za kuitengenezea. Ila uhaba ule ulitukuta tayari tumeondoa watu ambao kazi yao ilikuwa kutafuta. Sabuni kidogo iliyokuwepo iligawanywa kwa vibali, na kibali kina jamaa zake. Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, bidhaa zilizofichwa ziliibuka, nyingine zikatupwa usiku na wenyewe, lakini rafu hazikujaa. Zilianza kujaa baada ya bajeti ya mwaka 1984 kuruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka, na zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Mkuranga hukohuko Pwani, aliyebaki na jina la Mzee Ruksa.

Walioingia kwenye nafasi iliyofunguka hawakuwa mashirika wala makampuni makubwa. Dar es Salaam na pembezoni mwake leo mtu hutumwa kwa Mangi au kwa Mpemba, majina ya watu waliotoka Kilimanjaro na Pemba na kulala nyuma ya rafu zao kama Wahindi wa zamani. Wakubwa walijaribu. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake makubwa ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga yake mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ikaanguka miaka michache baadaye. Kila moja ilikuwa na matatizo yake, mengine ya Kenya na Afrika Kusini zaidi kuliko ya kwetu, na sidai kwamba Mangi ndiye aliyeziangusha. Lakini hakuna hata moja kati yao iliyouza mafuta ya kula ya mia tano, na wateja walio wengi hununua hivyo.

Hapo ndipo penye pingamizi zito kuliko yote, nalo ni bei. Anayenunua kwa kipimo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayefunga safari ya Kariakoo na kurudi na mfuko mzima. Kwa nini maskini wa Kibuta abebeshwe mzigo wa kulitegemeza duka la jirani yake? Jibu langu ni kwamba asibebeshwe. Kumhimiza mtu anunue kijijini kwa uzalendo ni kumtoza kodi bila sheria. Tofauti ya bei, hata hivyo, tuitazame vipande vyake: kimoja ni malipo ya kuvunja mfuko, kingine ni usafiri, kingine ni deni ambalo halitalipwa, na kingine ni faida. Nauli ya kwenda Kariakoo nayo haimo kwenye bei ya kilo, wala siku nzima iliyopotea barabarani. Vipande vya usafiri na deni baya ndivyo serikali inavyoweza kuvipunguza, kwa lami upande wa Maneromango na kwa maghala ya jumla karibu na Kisarawe. Amri ya kumfukuza mwenye duka fulani haigusi hata kimoja.

Kazi ya kununua mazao ndiyo imetoka dukani kabisa. Muhogo na nanasi huchukuliwa shambani na wenye magari, fedha hutolewa papo hapo, na sehemu kubwa yake hupanda basi kwenda mjini. Korosho ina njia yake ya vyama vya msingi na stakabadhi ghalani. Duka limebaki kuuza tu, na kuhudumia miamala ya simu kwa kamisheni. Amri ya 2025 inawazuia wageni pia kununua mazao shambani. Hiyo ni hatua, na mkulima anayeshindaniwa na wanunuzi wenyeji kumi atafaidika. Mwenye mnunuzi mmoja, mwenyeji, atakuwa pale alipokuwa babu yake. Ajabu nyingine ni kwamba amri hiyo haikuyagusa maduka makubwa ya kujihudumia, yaani mwenye mtaji mkubwa ameachwa na mwenye fremu amefungiwa.

Mnunuzi mkubwa aliye karibu kuliko wote ni serikali yenyewe: shule, zahanati, ofisi za kata. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga sehemu ya zabuni kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Lakini fedha hizo zinalenga hasa kikundi kilichosajiliwa, na manunuzi hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST ambao si rahisi kwa mama mwenye duka la fremu moja kuuingia. Mkopo wa halmashauri ungeweza kuwa dhamana kwa muuzaji wa jumla wa Kisarawe, ili ampe mama huyo mali kauli ya mifuko kumi ya unga wa shule kwa muhula. Halmashauri inayotoa leseni yake ya biashara ndiyo hiyohiyo inayoidhinisha mikopo.